Sikio la Kulia la Meneja

Mimi ni mtu wa hasira, na nalisema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Kwa miaka kumi na saba nilipiga chapa barua za chama cha ushirika hapa Sumbawanga, na hakuna bosi aliyethubutu kuniletea mwandiko mbaya mara mbili. Kisha soko likafunguliwa, kila mkulima akawa huru kumuuzia mahindi yake amtakaye, chama kikakosa la kufanya, na sisi wapiga chapa tukaambiwa tukapumzike nyumbani. Nilipumzika wiki mbili. Wiki ya tatu nilikuwa nimegombana na nusu ya Majengo, na mume wangu Leonsi akaniambia kwa upole wake, "Mama Fortunata, tafuta kazi kabla hatujahamishwa mtaa."

Ndipo kiinua mgongo changu kilipogeuka kompyuta. Niliinunua Mbeya, imekwishatumika, pamoja na printa na mafunzo ya siku tano kwa fundi mmoja aitwaye Raymond. Kuandika barua nilijua tangu zamani. Shida ilikuwa programu ya kuchorea. Kwenye taipureta ukibonyeza A unapata A. Kwenye programu ile ukibonyeza kitu, vitu vitatu vinatoweka na cha nne kinageuka zambarau. Nilirudi nyumbani na daftari limejaa maonyo ya Raymond, nami nikaendelea kuongeza yangu, kila kosa na dawa yake. Sevu kila baada ya dakika tano, maana umeme wa hapa hauagi. Picha ya vipande vingi ifunge pamoja kabla ya kuipunguza. Rangi ya kwenye kioo usiiamini mpaka uione kwenye karatasi. Daftari lile nalipenda kuliko albamu ya harusi yangu, na Leonsi anajua.

Barazani kwangu alikaa Oswaldi, mchora mabango, aliyekuwa akipaka majina ya maduka na magari tangu mimi nina taipureta. Nilimpa baraza bure kwa sababu alinichekesha. Kompyuta yangu aliiita televisheni isiyo na habari.

"Leo inasemaje?" angeuliza asubuhi, akikoroga rangi.

"Inasema ulipie baraza."

Basi mwezi wa sita mmoja, ile baridi yetu ya kuvaa sweta mbili, aliingia mzee mrefu mwenye koti la zamani na fimbo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa, akaitazama kompyuta kwa heshima kama mtu anayemtazama hakimu. Alikuwa Msukuma wa Muze, kule bondeni. Alihamia na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, na jina lake Maganga.

"Nataka kadi, mama," alisema. "Binti yangu Hellena amemaliza ualimu. Jumamosi ya wiki ijayo nafanya sherehe. Maneno weka ya kawaida, wewe unayajua. Ila picha nataka ya Meneja."

Nilikaribia kusimama. Meneja wa mwisho niliyemjua ndiye aliyenikabidhi barua ya kupumzika nyumbani.

"Meneja gani, mzee?"

"Ng'ombe yangu ya plau."

Oswaldi akacheka huko nje mpaka akaangusha brashi. Mzee Maganga hakucheka. Alieleza taratibu, mikono juu ya fimbo. Meneja alilima miaka kumi na mmoja. Alilima shamba la nyumbani, kisha akalima ya watu, na kwa mashamba ya watu Hellena alipata ada, sare na nauli. Alikufa mwaka uliopita, kwa uzee. "Yeye ndiye amesomesha," alisema. "Mimi nilikuwa nashika plau tu. Nilimwambia Hellena, siku ukimaliza, Meneja ndiye atawaita watu."

"Una picha yake?"

"Ng'ombe nani anampiga picha?"

Kisha akasema lile lililonifanya niichukue kazi kwa moyo. Watu wake wengi hawakujua kusoma, na yeye mwenyewe hakujua. Kadi ya maneno matupu ikifika Ilemba huwekwa juu ya kabati isubiri mtoto wa shule, na pengine mtoto anaisoma sherehe imekwisha. Lakini ng'ombe wa Maganga walijulikana bonde zima. "Na kuna dada yangu Agnesi, hukohuko Ilemba," aliongeza. "Mama yake Hellena alipofariki, ndiye alimlea. Siku hizi macho yake yana ukungu, na anaishi na wajukuu wasiokaa nyumbani. Huyo asipofika, mama, mimi sherehe sina."

Nilianza kwa uvivu, nakiri. Programu ile ilikuja na picha zake za bure, nikatafuta ng'ombe, nikampata: mnene, ana mabaka meusi na meupe, amesimama kwenye majani mabichi. Mzee akasogeza uso kwenye kioo.

"Hii ni jike," alisema. "Na nundu wameikata?"

Basi ilibidi achorwe. Oswaldi aliitwa ndani, akaketi na penseli mbele ya mzee, mmoja akisimulia na mwingine akifuta, kwa saa nzima. Mwili wa kahawia, uso na masikio meusi. Pembe moja imeshuka kidogo. Nundu imelala kidogo kwa ajili ya nira. Kiwiliwili kinaonekana ubavuni na kichwa kimegeuka kututazama, maana mzee alisema Meneja alikuwa na tabia hiyo, ukimwita anageuka kuona kama una sababu ya maana. Mimi wakati huo nilikuwa napigana na printa iliyomeza karatasi. Nilisikia tu mzee akisema, "Hapana, sikio la kulia ndilo lina pengo," na Oswaldi akichora pengo dogo la pembetatu. Nikadhani sikio lilichanwa na mwiba. Sikuuliza.

Kazi ya kumwingiza Meneja kwenye kompyuta ilinitoa jasho na baridi ile. Mashine ya kunakili picha na kuiingiza kwenye kompyuta sikuwa nayo. Oswaldi ndiye aliyepata akili: alichukua nailoni ngavu ya kufunikia madaftari, akaichora upya picha yake juu ya nailoni kwa kalamu ya wino mzito, nami nikaibandika kwenye kioo cha kompyuta kwa gundi ya karatasi. Kisha nikamfuata Meneja kwa kipanya, mstari baada ya mstari, ulimi nje. Niliandika kwenye daftari: ukibandika nailoni, usikuze wala kusogeza ukurasa, maana ng'ombe wa kwenye nailoni hasogei na yule wa ndani anasogea. Hilo nililijua baada ya kumchora Meneja mwenye miguu sita.

Siku ya pili alikuwa na miguu minne lakini mwili wote umejaa vinundu, kama mwenye ndui. Nikaenda kwenye kibanda cha simu, nikampigia Raymond Mbeya.

"Umeweka nukta nyingi mno, mama," alisema. "Kila ulipobonyeza umeacha nukta, na kila nukta inavuta mstari upande wake. Zifute. Mgongo mzima unatosha nukta tatu. Halafu vuta vile vishikio vyake, mstari utapinda wenyewe."

Nikafuta. Nilifuta asubuhi nzima, na kadiri nilivyofuta ndivyo ng'ombe alivyopona. Mgongo ukashuka laini, nundu ikakaa mahali pake, na ghafla kwenye kioo changu kulikuwa na dume la plau linanitazama likisubiri sababu ya maana. Nilifurahi mpaka nikamwita Leonsi kutoka bustanini. Alikuja na jembe lake, akatazama, akasema, "Huyu amechoka, lakini hana kinyongo." Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu yeyote.

Nikapanga kadi. Ng'ombe kushoto, maneno kulia. Hapo nikaona kasoro: mwili wa Meneja ulielekea kushoto, nje ya kadi, kama anayeondoka shughulini kabla ya chakula. Na kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mwenyewe, Raymond alikuwa amesema: mtu au mnyama aelekee kwenye maneno, siku zote. Programu ilikuwa na amri ya kugeuza picha, kushoto ikawa kulia kama kwenye kioo cha kujitazamia. Nikabonyeza mara moja. Meneja akageuka, akayaelekea maneno ya Hellena. Nikasevu. Nikachapa kadi themanini kwenye karatasi ngumu, na rangi ya kahawia ikatoka kahawia kweli kwa sababu nilikuwa nimesafisha printa mara tatu. Ya mwisho ilipotoka, wino nao ulikuwa unakata roho.

Mzee Maganga alikuja Alhamisi saa nane mchana. Lori la Muze na Ilemba lilikuwa linashuka kesho yake asubuhi, na lingine lisingeshuka mpaka Ijumaa inayofuata, jioni ya kuamkia sherehe. Nilimpa kadi ya juu kwa mikono miwili. Oswaldi alisimama mlangoni kushuhudia.

Mzee alitabasamu. Alipitisha kidole kwenye nundu, kwenye pembe iliyoshuka. Kisha tabasamu likasimama.

"Mama," alisema polepole, "hii ng'ombe si ya kwangu."

"Si ya kwako vipi?" Hasira ilikwishaanza kunipanda. "Nundu ile, pembe ile, macho yale!"

"Ni Meneja. Lakini ni ya Enock."

Nikamtazama Oswaldi, Oswaldi akaitazama kadi, nikaona uso unamshuka. "Pengo," alisema. "Limehamia kushoto."

Ndipo nilipoelezwa lile ambalo ningeuliza mapema lingenichukua dakika moja. Pengo halikuwa la mwiba. Ng'ombe wote wa Maganga hukatwa sikio la kulia, na wa jirani yake Enock hukatwa la kushoto, pengo lilelile, kisu kilekile. Ndivyo wanavyotambuana bondeni, machungani na mnadani. Mimi nilipomgeuza Meneja aelekee maneno, niligeuza na masikio yake. Kwa mtu anayejua kusoma, kadi ilisema Maganga. Kwa ndugu zake Maganga, kadi themanini zilisema Enock anawaita, na Enock wala hakuwa na shughuli.

"Agnesi hatakuja," mzee alisema. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejibu, ningepiga meza, tungekwenda sawa. Alikaa tu ameshika kadi, na mimi, Kristiana, niliyewatoa jasho wakurugenzi, nikaona aibu inanipanda mpaka masikioni.

Niliikimbilia kompyuta. Sasa dawa niliiona, tena nyepesi kiasi cha kunitia uchungu: Meneja angebaki kama alivyochorwa, na maneno ndiyo yangehamia kushoto. Amri moja. Lakini wino ulikuwa umekwisha, mwingine uko Mbeya, na kabla sijafungua hata faili, umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi, nikajiona humo nimefungua mdomo.

"Nitazipaka," alisema Oswaldi. "Masikio ni meusi. Pengo la kushoto naliziba kwa kalamu nyeusi, halionekani tena. La kulia natia nukta ya rangi nyeupe. Kadi themanini, kabla ya jua kuzama nimemaliza."

Mzee Maganga akatikisa kichwa. "Kuziba, ziba. Lakini kwetu sikio la ng'ombe halikatwi na mtu baki. Ni mwenyewe, au mtoto wake."

"Si kukata, mzee, ni kupaka."

"Basi ndiyo haifai. Sikio halipakwi." Akanigeukia. "Mama, una wembe?"

Nilikuwa nao, wa kukwangulia makosa ya kopi, wa tangu enzi za ushirika. Tukatoa meza barazani kwenye mwanga, na upepo ukiwa mkali tukazikandamiza kadi kwa makopo ya rangi ya Oswaldi. Nikakaa mimi na kalamu nyeusi kushoto, mzee na wembe kulia, Oswaldi katikati akikausha na kupanga. Mimi nilikuwa naponya, yeye anakata. Nilikuwa na wasiwasi na mikono ile mikubwa isiyowahi kushika kalamu. Lakini aliweka kadi juu ya kipande cha ubao, akakishika kichwa cha Meneja kwa kidole gumba na cha shahada kama anavyoshika ndama, akakata mara mbili, chap chap, na kipembetatu cha karatasi kikaruka. Aliiinua kadi, na mwanga wa jua ukapita sikioni mwa ng'ombe. Hakukosea hata moja. Mimi niliharibu mbili.

Alikuwa anaongea huku anakata, si na sisi. Kila kadi aliitajia mtu. Hii ya Clemens. Hii ya wakwe. Hii ya mwalimu wake Hellena wa darasa la nne. Ilipofika ya Agnesi aliikata taratibu zaidi, akailainisha kingo kwa ukucha, akaiweka peke yake mfukoni mwa koti.

Tulipomaliza, jua lilikuwa bado liko juu ya mabati ya Majengo. Kadi sabini na nane zilirundikwa mezani, na chini ya kiti cha mzee kulikuwa na vipembetatu vyeusi vimetapakaa. Akainuka, akanipa moja. "Na wewe nimekukatia," alisema. "Uje." Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, tena nilishapanga maneno, lakini nilijikuta nimeipokea tu na kuitikia kama mtoto.

Jumamosi ile tulishuka Muze, mimi na Oswaldi, tumepanda pikapu ya mfanyabiashara wa samaki. Nilitoka nyumbani na sweta mbili, nikafika bondeni nimezivua zote. Nyumbani kwa Maganga kulikuwa na turubai, ngoma, masufuria ya nyama yasiyo na idadi, na Hellena katika gauni la bluu akizunguka kuwaamkia watu. Watu wa Ilemba walikuwa wengi. Mzee alikaa na kila mtu dakika moja, akiinuka kila gari lilipoingia, akitazama barabarani, akirudi kukaa. Nilijua anamtafuta nani. Sahani yangu niliiweka chini ya kiti.

Saa saba ilipita. Saa nane, mtu akasema Agnesi amefika kwa miguu kutoka njia panda, gari lilimwacha huko. Alikuwa bibi mdogo, mkavu, amejifunga kanga kichwani, fimbo mkono mmoja, na mkono mwingine hakuna aliyemshika. Hellena alikimbia mpaka kiatu kikamtoka. Wakakumbatiana katikati ya uwanja na ngoma ikanyamaza yenyewe.

"Shangazi, umekuja peke yako! Nani alikusomea kadi?"

"Anisomee nani?" bibi alisema kwa sauti ya kugomba iliyonifurahisha moyo. "Watoto hawapo, wako bwawani wanavua. Mtu wa lori alinitupia karatasi kizingitini, akaondoka."

Akaitoa kwenye pindo la kanga. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa, imechafuka, na maneno yangu mazuri, niliyoyapanga kwa aina mbili za herufi, yalikwishafifia kwa jasho. Macho yake meupe hayakuitazama hata kidogo. Aliipapasa, akafika pale, akapenyeza ukucha wa kidole gumba kwenye lile pengo.

"Hapa," alisema. "Niliona kuna tundu. Nikamwita jirani, nikamuuliza, karatasi hii imechorwa nini? Akasema ng'ombe, bibi. Nikamuuliza, tundu liko sikio gani? Akasema la kulia. Nikamwambia basi, nenda zako. Ni Maganga, na Maganga hana lingine la kuniitia ila wewe. Siku ya sherehe niliiulizia kwa dereva, lori lilipokuwa linarudi."

Mzee Maganga alikuwa amesimama nyuma yao, fimbo imemwanguka na hajaiokota. Oswaldi alinigusa kiwiko aniambie jambo la kuchekesha, akaniona uso wangu, akaliacha.

Kwa miaka kumi na saba nilipiga chapa barua za chama, na sikumbuki hata moja iliyofanya mtu atembee kwa miguu kutoka njia panda. Nilifungua daftari langu palepale, juu ya goti, nikatafuta ule mstari wa Raymond kuhusu mnyama na maneno. Sikuufuta, maana Raymond hakukosea. Nikaandika chini yake: hamisha maneno, na kama lazima umguse ng'ombe, muulize kwanza mwenyewe. Kisha nikaenda kula, kwa sababu nyama ilikuwa inaisha.